Jina la Kukodi: Kisa cha Java House Kilivyosomwa Mombasa

Wiki chache kabla ya Ramadhani, binti ya ammi yangu alinijia na mkataba wa kurasa 41. Kampuni moja ya migahawa ya kahawa, inayopanuka kwa kasi katika ukanda wetu huu, ilikuwa imekubali kumkodisha jina lake ili afungue duka upande wa Nyali. Wenyewe biashara hii huiita frenchaizi. Wewe unaleta mtaji, unapanga chumba, unaajiri watu. Mwenye jina anakupa nembo, mapishi, kitabu cha kanuni, na orodha ya vitu ambavyo ni lazima ununue kwake.

"Kakangu, nisomee kabla sijatia sahihi," akaniambia. "Nimechoka kuambiwa nisiogope."

Nilimwomba siku 10, na zile za mwanzo mkataba sikuugusa. Nilirudi kwanza kwenye kisa alichokuwa akikitaja kila tulipozungumza, kwa sababu kila mtu Kenya anayetaka kuuza kahawa ya kukaa hukitolea mfano: Java House. "Java walianza na duka moja tu," alikuwa akisema. Ni kweli walianza na moja. Lakini njia waliyopita kutoka kwenye lile moja sio aliyokuwa akitaka kuipita yeye, na nilitaka alione hilo kwa macho yake.

Duka la kwanza lilifunguliwa mwaka 1999 pale Adams Arcade, Barabara ya Ngong, Nairobi, na Wamarekani wawili, Kevin Ashley na Jon Wagner. Likaitwa Nairobi Java House. Ulikuwa wakati mgumu wa kufungua chochote. Mwaka mmoja nyuma ubalozi wa Marekani ulikuwa umelipuliwa katikati ya jiji hilo hilo, na mwaka 2000 ukame ukaleta mgao wa umeme nchi nzima. Bei ya kahawa duniani nayo ilikuwa ikiporomoka kuelekea kiwango ambacho wakulima hawakuwa wamekiona kwa miongo mingi.

Kenya ya wakati ule ilikuwa nchi ya kulima kahawa na kunywa chai, na sababu zake ni za zamani. Kahawa ililetwa na mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliopanda miche Bura, katika milima ya Taita, mwaka 1893. Maana yake iliingilia mlango wetu wa Pwani kabla ya kupanda bara. Chini ya ukoloni Mwafrika alikatazwa kuilima hadi miaka ya 1930, alipoanza kuruhusiwa kidogo kidogo Kisii na Meru. Kufikia msimu wa 1987/88 nchi ilikuwa ikivuna karibu tani 130,000, kisha mavuno yakashuka na hayajarudi pale. Na wakati wote huo, karibu yote ilikuwa ya kuuzwa nje: inakobolewa, inapigwa mnada Nairobi, inateremshwa Kilindini na kupakiwa melini. Mkulima wa Nyeri aliweza kuzeeka hajapata kuonja buni yake mwenyewe ikiwa imekaangwa sawasawa. Jambo la Ashley na Wagner lilikuwa hilo: kumuuzia Mkenya kahawa ya Kenya, iliyokaangwa karibuni, mahali pa kukaa kwa starehe.

Hapa mtu wa Mombasa lazima anyooshe mkono, kwa sababu sisi kahawa tulikuwa tukinywa. Maneno yenyewe yanashuhudia: kahawa, buni, dele, finjani, yote yalivuka bahari pamoja na majahazi ya Yemeni na Ghuba. Jioni baada ya Alasiri, ukipita Mji wa Kale, utamwona muuza kahawa na dele lake la shaba juu ya makaa. Namkumbuka yule wa baraza yetu. Mkono mmoja ulishika mpini wa dele, mwingine vijikombe viwili visivyo mikono, akivigonganisha ta-ta, ta-ta, hata uliyekuwa ndani ya nyumba ujue amefika. Kahawa ilitoka nyeusi na nyembamba, ina tangawizi, tungu mpaka ulimi unakaza, na pembeni kashata ya nazi ya kuupooza. Ukimaliza, kikombe kinatumbukizwa kwenye ndoo, kinasuuzwa, kinakwenda kwa mwingine. Shilingi 10, au 20 siku hizi. Na kiti hulipii, kwa kuwa baraza ni ya nyumba ya mtu na mwenye nyumba naye amekaa hapo hapo.

Basi swali langu lilikuwa hili. Mji wenye kahawa ya shilingi 10 na baraza za bure kila mtaa, umekubali vipi kulipa zaidi ya shilingi 200 kwa kikombe kimoja pale Java, ndani ya jumba la maduka la Nyali? Nikipata jibu la hilo, nitajua binti ya ammi anakodi nini hasa.

Turudi Nairobi. Kwa miaka 13 Java ilikua kwa mwendo wa mtu anayehesabu hatua. Ilifungua maduka yake yenyewe, kwa fedha yake, kwa wafanyakazi wake, ikiyafuata majumba ya maduka yalivyokuwa yakichipuka Nairobi na kisha nje yake. Kahawa, menyu na mafunzo vilibaki mkononi mwa kampuni moja. Duka likiharibu, hasara ni ya kampuni, na kampuni ina haki ya kuingia jikoni kesho asubuhi kulirekebisha bila kumuuliza mtu. Hii ndiyo tofauti kubwa na frenchaizi. Kwenye frenchaizi mwenye jina anaona kosa la mwenye duka kupitia ripoti na ukaguzi, na dawa aliyo nayo ni barua ya onyo, halafu faini, halafu kuvunja mkataba.

Mwaka 2012 mfuko wa uwekezaji wa Kimarekani, Emerging Capital Partners, ulinunua sehemu kubwa ya kampuni. Hapo mwendo ukabadilika. Maduka yakaongezeka haraka, yakavuka mpaka hadi Uganda na baadaye Rwanda, na majina ya ndugu yakawekwa kando ya lile la kwanza: Planet Yogurt ya maziwa ya mtindi ya kugandishwa, na 360 Degrees ya piza. Kufikia mwaka 2017, mfuko huo ulipouza, kulikuwa na maduka zaidi ya 60 katika nchi tatu. Mnunuzi alikuwa Abraaj, kampuni ya uwekezaji yenye makao Dubai, iliyokuwa ikisimamia karibu dola bilioni 14.

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa kuwa hapa pana funzo la mkataba kuliko mahali pengine popote. Mnamo 2018 Abraaj ilianguka. Wawekezaji wake, Wakfu wa Bill na Melinda Gates wakiwa miongoni mwao, walikuwa wameanza kuuliza fedha za mfuko wake wa afya zilikuwa zimetumikaje. Kufikia Juni mwaka huo kampuni ilikuwa mahakamani visiwani Cayman ikiomba wafilisi wa muda. Wakati huo huo Nakumatt, duka kuu ambalo lilikuwa likivuta watu kwenye majumba mengi ya maduka Kenya, lile la Nyali likiwemo, lilikuwa limewekwa chini ya msimamizi tangu Januari 2018, rafu zikiwa tupu. Nyali nafasi yake ilichukuliwa baadaye na Carrefour. Yaani mwenye mali juu alikuwa akianguka, na jirani mlangoni alikuwa akianguka. Mwaka 2019 mfuko uliokuwa na Java ulihamishiwa usimamizi wa Actis, kampuni nyingine ya uwekezaji, ya London.

Miaka yote hiyo, anayekwenda Java ya Nyali asubuhi alikuta mlango uko wazi. Keki zipo, kahawa ni ile ile. Mteja hakujua kwamba kikombe chake kimebadilisha mwenyewe mara tatu ndani ya miaka minane, na hakuwa na haja ya kujua. Nimelifikiria sana hili. Ninavyoona mimi, duka liliokoka kwa sababu maduka, kahawa, wafanyakazi na mapishi vilikuwa kitu kimoja kilichoweza kuhamishwa kizima kutoka mkono hadi mkono. Lau kila duka lingekuwa la mtu wake, kila mmoja na mkopo wake wa benki, msukosuko ule ungemkuta kila mmoja peke yake, akimuuliza wakili wake kama mrabaha wa mwezi huu, yaani ada ya kutumia jina, apelekewe nani.

Ili binti ya ammi asidhani nabuni, nilimpa na kisa cha upande wa pili, cha Afrika Kusini. Mwaka 2015 kampuni iitwayo Taste Holdings ilipata leseni ya miaka 25 ya kufungua maduka ya kahawa ya Starbucks nchini humo. Duka la kwanza lilifunguliwa Rosebank, Johannesburg, Aprili 2016, na watu wakapanga foleni ndefu. Jina hawakuhitaji kulijenga, lilikuwa linajulikana dunia nzima. Lakini kila duka lilikuwa ghali kujenga kwa kanuni za mwenye jina, na kampuni ilikuwa imebeba leseni ya Domino's Pizza juu yake. Mwisho wa 2019, ikiwa na maduka 13 tu, iliuza biashara yote ya Starbucks kwa randi milioni 7. Mnunuzi ameendelea nayo, na jina halikupata doa. Aliyekuwa amelikodi kwanza ndiye aliyeumia.

Alipomaliza kusoma hayo alinyamaza, kisha akasema, "Mimi nataka duka moja, sio 13." Haki yake. Tukaenda Java ya Nyali siku ya Alhamisi, tukakaa.

Jibu la swali langu nililipata kwa kutazama meza. Meza ya karibu yetu walikuwa wanawake watatu wa makamo, buibui zao, mmoja ana mtoto wa mgongoni aliyelala kwenye kochi. Walikunywa kikombe kimoja kimoja na wakakaa hadi adhana ya Adhuhuri. Nyuma yao msichana na kompyuta na vitabu vya chuo. Mbele, mama na mwanawe wa kiume, wanazungumza jambo zito kwa sauti ya chini, jambo ambalo nyumbani lingesikiwa na watu 12. Meza nyingi zilikuwa za wanawake.

Mamangu, Mungu amrehemu, aliishi hatua 30 kutoka kwenye baraza ya yule muuza kahawa, na hakuwahi kukaa pale hata siku moja. Kahawa yake ilichukuliwa na mtoto kwenye birika na kupelekwa ndani. Hakuna aliyemkataza kwa mdomo. Baraza zetu ni za wanaume na kila mtu anajua, kama anavyojua upande wa kupishana barabarani. Mwanamke wa Mombasa aliyetaka kukutana na shoga yake nje ya nyumba alikuwa na arusi, matanga, saluni, au ufuo siku ya sikukuu. Mahali pa kukaa tu, na kikombe mbele yake, bila udhuru wowote, hapakuwepo. Ile shilingi 200 na zaidi inalipia kiti hicho, na choo safi, na kufunguliwa mlango na mtu asiyekuuliza umekuja na nani. Tangawizi ya Mji wa Kale haina mpinzani pale, na sidhani walikuja kushindana nayo.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi anachouza mgahawa wa kahawa Mombasa hakikai ndani ya nembo. Nembo inasaidia siku ya kwanza, hasa kwa mgeni anayeshuka gari la moshi la Miritini akitafuta kitu anachokijua. Mtu wa hapa anauliza mambo mengine: nyama yenu ni halali, na nani amewathibitisha? Pana pa kuswali? Ramadhani mtafungua saa ngapi? Kitabu cha kanuni kilichoandikwa kwa mji mwingine hakina majibu hayo, na mwenye duka aliyefungwa nacho hana ruhusa ya kuyaandika mwenyewe.

Mwaka 2020 kiti chenyewe kilitoweka kwa wote. Aprili kaunti ya Mombasa ilifungwa, na Mei 6 Mji wa Kale ukafungwa peke yake, pamoja na Eastleigh ya Nairobi. Migahawa ilibaki kuuza chakula cha kubeba. Muuza kahawa na ndoo yake ya kusuuzia hakuwa hata na cha kubeba, kwa maana vijikombe vilivyopita midomoni ndivyo watu walivyoviogopa kwanza. Alirudi, lakini wengi sasa wanatumia vikombe vya karatasi, na ta-ta ile imepungua.

Siku ya tisa nikafungua mkataba.

Kenya haina sheria ya frenchaizi peke yake. Jina linalindwa na sheria ya alama za biashara, ushindani una sheria yake ya 2010, na yaliyobaki ni yale mliyoandikiana. Kwa hiyo kilichomo ndani ya kurasa 41 ndicho sheria yako. Nilimwandikia hesabu kwenye karatasi ya ganda la sigara, na nitaiandika hapa kama ilivyokuwa. Tuseme duka linauza shilingi 1,000,000 kwa mwezi, baada ya kuondoa VAT ya 16% na tozo ya utalii ya 2%, ambazo si zake. Tuseme kodi ya chumba, mishahara, maziwa, kahawa na umeme vikilipwa inabaki 100,000. Mrabaha wa 6% unakatwa kwenye mauzo, sio kwenye faida: 60,000. Ada ya matangazo 2%: 20,000. Anabaki na 20,000, na mkopo wa mashine haujaguswa. Mwezi wa Ramadhani, mchana wake wote ukiwa mtupu, mauzo yakishuka hadi 700,000, mwenye jina bado anachukua 56,000, na kodi ya jumba la maduka haishuki hata senti.

Aliitazama karatasi ile muda mrefu. "Kumbe ninaajiriwa," akasema, "na mshahara ninajilipa mwenyewe."

Sikutaka kumwamulia. Frenchaizi imewafaa watu wengi, hasa wenye mtaji na wasio na ujuzi wa kazi yenyewe, na jina zuri linaokoa miaka ya kujaribu na kukosea. Yeye ujuzi anao. Amepika vyakula vya arusi kwa miaka 15. Tuliandika maswali matatu, tukayatuma. La kwanza: je, mtafungua au mtamkodisha mwingine jina ndani ya kilomita 5 kutoka kwangu? La pili: ninaweza kuweka vitu vyangu kwenye menyu, mahamri, kaimati, kahawa tungu, bila kuomba ruhusa Nairobi kila mara? La tatu, ambalo Abraaj ndiyo iliyonifundisha kuliuliza: kampuni yenu ikiuzwa au ikifilisiwa, mkataba wangu unakwenda kwa nani, na nina haki ya kutoka na amana yangu?

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili, ya adabu. Kilomita 5 haziwezekani, wanaweza kutoa jengo lile tu. Menyu ni moja kwa maduka yote. Juu ya kuuzwa, walimrejesha kwenye kifungu cha 31, kinachosema mwenye jina anaweza kuhamisha haki zake kwa yeyote bila idhini ya mwenye duka, na mwenye duka hawezi kuhamisha zake bila idhini ya mwenye jina.

Hakutia sahihi. Ada ya kuingia bado iko benki, na ammi yangu, aliyekuwa amekwisha waambia watu msikitini, alinuna siku tatu. Sasa binti yake anatafuta chumba cha chini, karibu na kituo cha matatu, chenye choo chake ndani na nafasi ya kuswali wanawake. Amepata kimoja Tudor. Anachoniuliza siku hizi ni viti vingapi vitaingia bila watu kugusana viwiko, na Jumamosi tunakwenda na futi kupima.